Mashua Isiyongoja Upepo

Kaka yangu Cosmas alinipigia simu nikiwa ndiyo kwanza natoka kazini.

"Eufra, ukipita kwa Sudha nichukulie pumba. Gunia zima."

"Pumba? Umeanza kufuga kuku?"

"Za Mzee Harrison. Anazitaka mashuani leo, kesho alfajiri tunaondoka. Tafadhali, dada."

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 1999. Saa kumi jioni tu, na Barking, huku mashariki mwa London, ilikuwa imeshaanza kuingia giza. Nilikuwa nimeshinda kutwa nikiwageuza na kuwaogesha wazee kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, mgongo unaniuma, lakini ningemkatalia vipi? Cosmas ndiye aliyenileta London. Ndiye aliyenilipia nauli kutoka Muleba. Na Cosmas alikuwa anakufa polepole, mbele ya macho yangu.

Kifua. Kila baridi ilipoingia kilimbana, akawa anapumua kama mtu anayevuta hewa kwa mrija uliopasuka. Mwaka uliotangulia alilazwa wodini toka Krismasi hadi Pasaka. Daktari alimwambia waziwazi: tafuta joto, la sivyo baridi nyingine utaimaliza kaburini.

Hapo ndipo alipotokea Mzee Harrison.

Huyu mzee alikuwa na mashua ndogo ya tanga, aliyoifunga pale mto wa Barking unapomwaga maji kwenye Thames. Kila mwaka baridi ilipokaribia aling'oa nanga akateremka kusini akifuata pwani: Kent, Ufaransa, Hispania, mpaka Ureno, ambako alisema machungwa huanguka yenyewe barabarani na watu huyapita. Majira ya joto alirudi. Na kila mwaka alimchukua mtu mmoja wa kumsaidia. Safari hii alimchagua kaka yangu.

Kwao wapi? Hakuna aliyejua. Sisi Watanzania alituambia ni mtu wa Tanga. Wakenya aliwaambia Lamu. Wakongo waliapa kuwa ni wa Kalemie, maana alisema nao Kiswahili chao bila kukosea hata neno. Cosmas alicheka nilipomwuliza. "Baharia huyo, Eufra. Baharia kwao kila bandari."

Sudha alikuwa anapanga mihogo dukani kwake nilipoingia. Mama huyu alizaliwa Mwanza, duka lake liko karibu na stesheni, na Kiswahili chake ni cha Mwanza hasa.

"Pumba tena?" akasema. Mikono yake ikasimama.

"Tena vipi, mama?"

"Mwaka jana, wakati kama huu huu, alikuja yule Miradie wenu. Gunia kama hili. Wiki haijaisha nikasikia amekufa maji."

Nikalipa, nikajitwika gunia.

Miradie alikuwa binti wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, tuliyefanya naye kazi zamu moja. Mwili wake uliokotwa ufukweni Essex. Walisema alijitupa mtoni. Mimi mwenyewe nilimvisha gauni jeupe, nikamfunga kilemba kwa kifundo cha upande kama alivyopenda, nikamwekea maua kifuani. Nilikuwa makaburini walipomfukia. Hakuna mtu yeyote aliyewahi kutaja mashua.

Nilipanda basi na gunia langu. Nikashuka kituo cha mwisho, nikatembea katikati ya maghala na viwanda hadi mtoni. Maji yalikuwa yamekupwa. Tope lilinuka... si harufu ya tope tu. Kulikuwa na harufu nyingine chini yake, kama mdomo wa mgonjwa ambaye hajasafishwa siku nyingi. Mimi ile harufu naijua. Ndiyo kazi yangu.

"Karibu, binti!"

Mzee Harrison alikuwa amesimama kwenye sitaha, amevaa sweta la kike la rangi ya waridi. Mfupi, mnene, uso wa ucheshi. Mtu wa kumpenda mara moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetuletea chakula?"

"Nimeleta pumba."

"Aa, ndiyo. Pumba." Akacheka. Alicheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

Cosmas alinikumbatia. Alikuwa amekonda, lakini macho yalimng'aa. Alikuwa ameitengeneza mashua ile majira yote ya joto, akila na kulala humo. Tukaketi kwenye kijichumba cha chini, tukala maharage aliyopika mzee. Wakati tunakula, Harrison alifunua ubao wa sakafuni, akamimina pumba zote ndani ya ngama, kule tumboni mwa mashua, kisha akaurudishia ubao na kuukalia.

"Zinanyonya maji yanayovuja," akaniambia kabla sijauliza.

"Mzee, ulimfahamu Miradie?"

Hakupepesa macho. "Binti wa watu. Alikuwa akininunulia vitu dukani. Mungu amlaze pema." Akaanza kuimba wimbo wa kanisani, taratibu, akipiga sakafu kwa kisigino.

Na chini ya kisigino chake nikasikia...

Chwa. Chwa. Chwa.

Kutafuna.

Si meno madogo. Panya hatafuni hivyo. Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa anaendelea kula maharage yake, kijiko kikipanda na kushuka, kana kwamba hasikii kitu.

Nilitaka kumshika mkono tukimbie. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nimesikia pumba zikitafunwa? Cosmas alikuwa akisali rozari kila asubuhi. Habari za uchawi aliziita ujinga tuliouacha nyumbani. Nikafikiri, niende naye kidogo. Nitapata nafasi ya kusema naye pembeni, nimshawishi ashuke. Zamu yangu ilikuwa Jumatatu.

"Nitawasindikiza mpaka bandari ya Ramsgate," nikasema. "Jumapili nitarudi na treni."

Mzee Harrison aliacha kuimba.

"Karibu, binti," akasema. "Mashua yangu haijawahi kujaa."

Tuliondoka alfajiri na maji yanayokupwa. Nisiseme uongo, mchana ule ulikuwa mzuri. Jua la baridi, upepo wa wastani, tanga limejaa. Thames ilitanuka pande zote mbili. Mitambo ya bandari ikabaki nyuma, kisha mashamba, kisha ikawa bahari rangi ya chai ya maziwa. Cosmas alishika usukani akitabasamu kama mtoto. Alikuwa hapumui kwa shida hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona.

Mzee Harrison hakugusa kamba. Hata moja. Alikaa tu, akimenya machungwa kwa kidole gumba, akitupa maganda majini. Cosmas naye alikuwa usukanini. Mimi sijui lolote la mashua. Hata hivyo kamba zilikaza zilipotakiwa kukaza, zikalegea zilipotakiwa kulegea. Nikitazama, zimetulia. Nikigeuza uso, nasikia mkwaruzo nyuma yangu... nikigeuka, fundo limeshafungwa upya. Na limelowa.

Mzee aliposinzia, nikasogea kwa kaka.

"Kaka, tushuke wote Ramsgate. Nakuomba."

"Kwa nini?"

"Huyu mtu simwamini. Tushuke, tumpigie simu mama, tumwambie..."

"Mama nani?"

Nilidhani ananitania. "Mama yetu, Cosmas. Mama Apolonia."

Akakunja uso, akafikiri. Aliangalia maji, akafikiri tena, kama mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko uliotoboka.

"Apolonia," akasema polepole. "Jina zuri."



Nilimgeukia Mzee Harrison. Hakuwa amesinzia. Macho yalikuwa wazi, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Jioni ilitukuta karibu na Margate. Taa za mji zilianza kuwaka upande wa kulia, nikazihesabu kuwa ndizo uhai wangu. Kisha ukungu ukaja. Ulitambaa juu ya maji kama moshi wa kuni mbichi, ukazimeza taa zote. Upepo ukakata. Tanga likaanguka kwenye mlingoti kama nguo iliyoanikwa.

Mashua haikupunguza mwendo.

"Binti," akasema Harrison, "shuka utuchemshie chai."

Nilishuka. Nilikuwa nafikiria simu yangu iliyokuwa kwenye mkoba kule chini. Nikawasha jiko, nikabandika birika, nikafungua simu. Haikushika mtandao. Nyuma yangu ubao wa sakafuni ulikuwa umefunuliwa. Nikachungulia. Ngama ilikuwa tupu. Pumba zote zilikuwa zimekwisha, na mbao za chini zimelambwa zikang'aa.

Juu ya kichwa changu nikasikia miguu.

Mitupu. Mingi. Ilipita juu ya sitaha ikielekea omo, mbele ya mashua, pole pole, kama watu wanaokwenda kupokea komunyo. Halafu majini...

Chubwi.

Chubwi.

Chubwi.

Sauti zikaendelea mpaka nikaacha kutaka kujua ni wangapi. Kisha mashua ikaruka mbele kwa nguvu hata nikajipigiza ukutani.

Nikapanda mbio. Cosmas alikuwa bado usukanini, macho mbele. Nikatambaa hadi omo, nikainama. Kamba zilikuwa zimefungwa pale, zimenyooka, zinatetemeka kwa kukaza, zinaingia majini mbele yetu. Kitu kilikuwa kinatuvuta.

Niliwasha tochi iliyoning'inia pale omo.

Vichwa.

Vichwa vya watu, vimeinama, kamba zimepita mabegani, wanaogelea bila kutoa pumzi. Kichwa kilichokuwa karibu kilikuwa na kilemba. Kilemba cheupe. Nilikijua kile kifundo cha upande, ndivyo alivyokifunga kila siku kazini.

"Miradie..." nikanong'ona.

Akageuka. Uso wake ulikuwa wa kijivu, ngozi imevimba, macho wazi bila kitu ndani. Akafungua mdomo, labda kuniitikia. Ndani ya mdomo ule hakukuwa na ulimi. Palikuwa na kishina cheusi, kikitikisika.

Misukule.

Tangu utotoni Muleba nilisikia habari zao. Mtu mnamlilia, mnamzika, kumbe mmezika kivuli. Mwenyewe amechukuliwa. Amekatwa ulimi asiseme, analishwa pumba, analima mashamba ya bwana wake gizani. Wakubwa walituambia ili tusitembee jioni. Sikuwahi kuambiwa kuwa kuna anayewafuga baharini.

"Nilikwambia ushuke uchemshe chai," ilisema sauti nyuma yangu.

Mzee Harrison alikuwa amevua sweta. Mkononi alikuwa na kisu kifupi, chembamba, kile cha kupasulia samaki. Alisema bila hasira, kama mwenye duka anayefunga kazi.

"Nilitaka mmoja tu. Wewe umejileta."

"Cosmas!" nikapiga kelele. "Kaka, kimbia!"

Cosmas aligeuka. Nadhani sauti yangu ilimfikia pale alipokuwa amezama, maana uso wake ulirudi. Nilimwona kaka yangu akirudi machoni mwake. Akaacha usukani, akamrukia yule mzee kwa mikono miwili, wakaanguka pamoja. Cosmas alimpigiza kichwa kwenye ubao, mara moja, mara mbili, nikasikia mfupa ukilia. Damu ilimtoka Harrison puani, ikatapakaa sitahani.

Harrison akapiga mluzi.

Wakapanda. Walipanda pande zote, vidole vya kijivu vikishika ukingo, maji yakiwachuruzika. Walimkamata kaka yangu kama wanavyokamata ng'ombe wa kuchinja: mmoja mguu huu, mwingine mguu ule, mmoja akimkalia kifuani. Kile kifua chake. Nilimsikia akikosa hewa. Nilimshika wa kwanza nikamvuta kwa nywele; nywele zikabaki mkononi mwangu na yeye hakugeuka. Miradie alinizunguka kwa nyuma, akanibana mikono. Alikuwa baridi kama chuma. Nilimpiga kisogo changu usoni nikasikia pua yake ikivunjika. Hakulegeza.

"Miradie, ni mimi! Ni Eufrasia!"

Hakulegeza.

Harrison akapiga magoti kichwani kwa Cosmas. Akamfungua taya kwa mkono mmoja, kwa ustadi, kama mimi ninavyowafungua wazee wangu kuwapa dawa. Kaka yangu alinitazama. Alitaka kusema kitu. Kilikuwa kimeshafika mdomoni, nilikiona...

Kisu kikaingia.

Sitawaeleza ile sauti aliyotoa. Nimeshindwa kuisahau, nanyi hamna haja ya kuibeba. Nitasema tu kwamba Harrison aliinua ule ulimi mbele ya macho yangu, unadondosha damu, bado unacheza. Akautupa majini. Na kaka yangu akaacha kupigana. Macho yake yalizimika, kama taa inavyozimwa chumbani na mtu anayetoka.

"Mlete," Harrison akamwambia Miradie.

Alinisukuma mbele. Mguu wangu ukakanyaga damu, nikateleza, na kwa uzito wangu tukaporomoka wote wawili kwenye ngazi ya kile chumba cha chini. Mikono yake ikaachia. Birika lilikuwa linachemka jikoni. Sikufikiri. Nililinyakua, na Harrison alipoinama mlangoni nikammwagia usoni maji yote.

Alilia kama mbwa. Ngozi ya shavu ilitoka ikaning'inia. Kando ya ngazi palikuwa na chuma kizito cha kuzungushia kamba. Nikakishika, nikampiga mguuni, akaanguka ndani, nikampiga kichwani. Nikampiga tena. Nilisikia mikono ya Miradie ikinipapasa miguu, sikujali. Nilipiga kwa ajili ya kaka yangu, kwa ajili ya Miradie, kwa ajili ya wote waliokuwa majini. Nilipiga mpaka uso ule wa ucheshi ukawa hauna umbo.

Bado alikuwa hai. Jicho moja lilibaki, likinitazama. Na mabega yake... mabega yakaanza kupanda na kushuka.

"Vizuri," alinong'ona, damu ikitoka na maneno. "Vizuri, binti. Mimi pia... ndivyo nilivyoipata hii mashua."

Akafa.



Nikapanda juu. Walikuwa wamesimama wote kwenye sitaha, wamepanga mstari, maji yakiwatiririka. Cosmas alikuwa katikati yao. Damu ilimjaa kidevuni hadi kifuani. Wote walikuwa wamenigeukia mimi. Miradie akapanda nyuma yangu, akapita, akaenda kusimama nafasi yake. Hawakunigusa. Walinitazama tu. Walikuwa wanangoja.

Laiti ningeelewa. Laiti ningekaa kimya.

Lakini nilikuwa mtu aliyetapakaa damu, kwenye ukungu, mbele ya wafu. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Ondokeni! Nendeni zenu! Wote!"

Wakageuka. Mmoja mmoja wakavuka ukingo, wakaingia majini bila kelele. Miradie akaenda. Na Cosmas akageuka.

"Siyo wewe! Kaka, siyo we—"

Maji yalikuwa yameshamfunika.

Mashua ilikwama kwenye fungu la mchanga. Nilipata zile fataki nyekundu za kuombea msaada, nikazirusha zote, na watu wa uokoaji wakanijia kabla maji hayajajaa. Niliwaambia mzee ameanguka ndani, yuko kule chini. Walishuka na taa. Walikuta damu tu. Kulipokucha, hata mashua yenyewe haikuwepo pale mchangani, na vipande vyake havikuokotwa popote.

Polisi walinihoji. Nikawaeleza yote. Walinipa blanketi na chai yenye sukari nyingi, wakasema nimepata mshtuko. Mtu aitwaye Harrison hawakumpata kwenye rekodi zao, akiwa hai wala akiwa maiti.

Siku kadhaa baadaye wakaniita kuutambua mwili.

Alikuwa Cosmas. Kovu la nyusi, kucha ya kidole gumba iliyopindika, jino la pembeni lililokatika. Yeye kabisa. Niliomba nibaki naye peke yangu, wakaniruhusu. Mimi nimewafunga macho na midomo marehemu wengi kuliko ninavyokumbuka. Najua pa kubonyeza. Nikabonyeza taya.

Ulimi ulikuwemo.

Mzima. Hauna jeraha wala mkwaruzo.

Nilitoka nje, nikampigia mama Muleba. Nilimsimulia mpaka salio likakaribia kuisha. Hakulia.

"Zika," akasema. "Zika hicho walichokupa, uwaambie watu ni mwanangu. Na huo mdomo usiufungue tena."

Tukazika, kwenye mvua, katika makaburi yaleyale alikolala yule tuliyemwita Miradie. Watu wengi walikuja; Sudha alikuja na maua. Nilikuwa nimejikaza tangu asubuhi, lakini walipoanza kufukia nikavunjika. Nilianguka kwenye udongo, nikalia kama wanavyolia kwetu, kwa yale maneno ambayo kila mfiwa huyasema.

"Cosmas! Kaka, rudi! Rudi nyumbani, kaka!"

Kina mama wakaninyanyua, wakanifuta uso. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Hata mimi sikuuona.

Ilikuwa Januari niliporudi kazini jioni moja nikakuta harufu kwenye korido ya gorofa letu. Chumvi, na tope la maji yaliyokupwa. Kwenye zulia kulikuwa na nyayo za maji, zinatoka kwenye ngazi, zinakwenda mpaka mlangoni kwangu. Mlango ulikuwa wazi.

Alikuwa amesimama ndani, hatua moja tu kutoka kizingitini, amenipa mgongo. Suti tuliyomzika nayo haikuwa mwilini mwake. Alikuwa na shati lile la mashuani, damu imekauka ikawa nyeusi.

"Kaka?"

Akageuka. Macho yalikuwa wazi, hayana kitu. Mdomo umefungwa. Alinitazama kama walivyonitazama wote, usiku ule kwenye sitaha.

Sijui mtu humwambia nini ndugu yake aliyekwisha kumzika. Niliingia, kwa sababu ni kwangu, na kwa sababu alikuwa kaka yangu. Nilipita karibu naye hata bega langu likalowa. Upepo wa baridi ulikuwa unavuma kutoka koridoni, na mimi, kwa mazoea tu, kwa ajili ya kile kifua chake, nikasema maneno niliyomwambia kila jioni kwa miaka yote tuliyoishi pamoja.

"Funga mlango, kaka. Baridi inaingia."

Akafunga.

Kisha akageuka, akasimama wima katikati ya sebule, maji yakimdondoka kwenye vidole, akingoja nimwambie lingine.